Kwao Mama Ni Mmoja

Kaka yangu alipotua Tanga kwa likizo, alikuja na kitu ambacho sijasikia mtu mwingine amekikata kwa ajili ya kuja Nguvumali: bima ya safari. Alituonyesha kadi yenyewe sebuleni huku akila mkate wa kumimina. Alikwishabadili pasi zamani, akawa raia wa nchi moja ya baridi huko Ulaya, kwa hiyo kwa hesabu za huko alikuwa msafiri ugenini. Akiugua, alisema, anapiga namba iliyo nyuma ya kadi, na kituo cha msaada kinamtafutia daktari. Mambo yakizidi, wanamfuata kwa ndege. Na akitekwa, wanatuma mtu wa usalama.

"Utekwe na nani hapa?" Mama mkubwa akamuuliza. "Labda na huo mkate, maana naona hutaki kutoka sahanini."

Kaka akacheka, akaongeza kipande.

Nieleze ukoo mapema, kwa sababu ukoo ndio uliotukoroga. Bibi yetu alizaa mabinti watatu. Wa kwanza ndiye huyu ninayemwita Mama mkubwa. Wa kati alimzaa kaka, akafariki kaka akiwa bado ananyonya. Wa mwisho alinizaa mimi, na naye ametangulia. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto. Alimchukua kaka palepale msibani, akambeba mgongoni kwa kanga, na ukimuuliza yeye, hajamteremsha mpaka leo. Kaka humwita Mama, basi, bila mkubwa wala mdogo. Kaka na mimi tumezaliwa na ndugu wawili, kwa hiyo ni kaka na dada, na hapa kwetu sijaona mtu aliyehitaji kuelezwa jambo hilo mara ya pili.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Silitaji jambo hili kwa majivuno. Nalitaja ili ijulikane kwamba yote yaliyofuata yalimkuta mtu ambaye, kwa karatasi, alikuwa na haki ya kuelewa.

Kaka alikwenda Amani, kule milimani, kutembea msituni. Alisema anataka baridi ya nyumbani, ile ya ugenini imemchosha. Wakati wa kuteremka alipanda bodaboda, njia ilikuwa na utelezi, wakaanguka kwenye kona. Dereva alichubuka goti. Kaka alijipigiza kichwa kwenye ukingo wa daraja dogo. Zahanati ya huko ilimshona, ikamwambia alale pale aangaliwe. Akili zake alikuwa nazo zote: alipiga mwenyewe ile namba ya nyuma ya kadi, akaeleza alipo, akaambiwa asiondoke mpaka wao waseme.

Mama mkubwa yeye katazo hilo hakuambiwa na mtu. Alipopata habari alimtuma baba mdogo wa kaka, mdogo wa marehemu baba yake, na gari la jirani, kwa sababu mtoto haachwi milimani mikononi mwa watu, awe na bima asiwe na bima. Kaka alikubali bila kubembelezwa. Nasikia alikaa kiti cha mbele akipiga soga mpaka Muheza. Kukiarifu kituo cha msaada, hakuna aliyekumbuka. Na hata tungekumbuka, ungepigaje simu Ulaya kuomba ruhusa ya kumrudisha mwanao nyumbani?

Kesho yake aliamka kichwa kinamgonga. Akatapika uji. Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Kijiko alikiita mlango, baba mdogo akamwita sabuni, sisi tukacheka tukidhani anatania, maana ni mtani tangu utoto. Kidogo kidogo maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu: maji. Akitaka shuka, maji. Mwanga ukimuumiza macho, maji. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Nilipofika nilimkuta Mama mkubwa amekaa kitandani amempakata kichwa, mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine umemkamata kifuani asianguke wakati wa kutapika. Baba mdogo alikuwa na simu ya kaka, anawajibu watu wa kituo cha msaada kwa Kiingereza chake alichokiokota alipokuwa kuli bandarini.

"Mimi baba," alikuwa akisema. "Baba yake, ndiyo. Na huyu hapa mama yake."

Nikamnyang'anya simu. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyefundishwa kutokuwa na haraka. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema dada yake. Nikamsikia akibonyeza vitufe. Akauliza kama mteja wao yuko salama. Nikamwambia haongei, anatapika, gari la kumpeleka hospitali liko njiani. Akauliza kama kuna mtu anayemshikilia.

Neno alilotumia, kwa lugha yake, lina tabia ile ile ya la kwetu: laweza kuwa la mikono, laweza kuwa la polisi. Macho yangu yalikuwa kitandani. Nikasema ndiyo, mama yake amemshikilia, na hataki kumwachia.

"Hataki kumwachia," akarudia polepole.

"Hataki. Tangu alfajiri."

Akauliza huyo mama anataka nini. Nikakasirika. Nikamjibu anataka apone, kwani mama hutaka nini? Akaniambia nibaki mtulivu, nisimkaribie, na kwamba msaada unatafutwa. Nilikata simu nikijiuliza nisimkaribie nani, lakini gari likapiga honi nje, tukambeba kaka.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akatuita pembeni. Damu ilikuwa inavuja chini ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Alisema huo ni upasuaji wa kichwa, wa kwenda kufanyiwa Dar es Salaam, na kwamba barabarani, kwa mwendo wote ule, haamini kama atafika akiwa hai. Aliposikia kuna bima uso ukamfunguka. Akaongea mwenyewe na kituo, daktari kwa daktari. Aliporudi, uso ulikuwa umejifunga tena, na akawa anatutazama mmoja mmoja kana kwamba tumeingia sasa hivi.

"Ndege ipo Dar, tayari, ina daktari wake," akasema. "Lakini hawairuhusu iruke kwanza. Wanasema kuna suala la usalama."

"Usalama wa nani?" nikauliza.

"Wa mgonjwa."

"Dhidi ya nani?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Dhidi yenu, mwalimu."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikachukua simu, na ile sauti laini ikanipangia mambo kama anayenisomea hukumu. Mteja wao, kwa kumbukumbu zao, hana baba, hana mama, wote wamefariki. Hana kaka wala dada, alizaliwa peke yake. Mteja huyo ameondolewa zahanati bila kibali. Tangu hapo simu yake inapokelewa na watu wanaojiita baba, mama na dada. Mteja hasikiki akiongea. Na mmoja wa hao watu amekiri, kwake yeye mwenyewe, kwamba kuna mwanamke anamshikilia na hataki kumwachia. Hawawezi kumpakia mtu kwenye ndege kwa ridhaa ya watu wa namna hiyo, wala kuwateremsha wahudumu wao katikati ya tukio wasilolijua. Mtu wao wa usalama alikuwa amekwishatoka Mombasa.

Jambo la kutisha ni kwamba, nilivyolisikia kwa Kiingereza, hata mimi nilianza kututilia shaka.

Nikajaribu kueleza. Nikasema huyu ni mama yake kweli, ila siye aliyemzaa. Akauliza: mama wa kambo? Hapana. Mlezi kwa amri ya mahakama? Mahakama gani, mama? Nikamtupia msemo wetu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nikautafsiri neno kwa neno kwa ufundi wangu wote. Akaniuliza kama huyu mwanamke ameajiriwa kumtunza.

"Nisaidie nielewe," akasema, na nakiri hakuwa mtu mbaya, "mama yake mteja amekufa, au hajakufa?"

"Amekufa," nikasema. "Na yuko hapa."

Nadhani hata yeye alichanganyikiwa kwa huruma.

Ajabu ni kwamba neno walilolitaka nalifundisha kila mwaka. Nachora ubaoni mti wa ukoo, naandika neno lao kwenye tawi, na pembeni naandika shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, wanafunzi wananakili. Siku ile halikunijia. Kichwani mwangu neno lile ni shangazi, dada wa baba, mtu wa upande wa pili wa familia. Maneno mama mkubwa niliyaona ubaoni miaka yote, na sikuwahi hata siku moja kumwona Mama mkubwa wangu ndani yake.

Yule mtu wa usalama alifika mchana. Tulitegemea bunduki, alikuja na begi la mgongoni na shati lililochomekwa vizuri, mtu mzima, mpana, alikuwa askari zamani. Alikuwa amevuka mpaka pale Horohoro. Alisimama mlangoni mwa wodi akatazama muda mrefu: kaka kitandani na dripu, Mama mkubwa kwenye ukingo wa kitanda akimpangusa mdomo kwa pembe ya kanga, mimi na baba mdogo tumeegemea ukuta kama washtakiwa. Kisha akasogea, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, umekula?"

Kumbe alikuwa Mdigo wa upande wa Kwale. Mama mkubwa, ambaye bibi yake alikuwa Mdigo, alimdaka hapohapo wakaingia kwenye Kidigo, na kabla sijakaa sawa walikuwa wanatafuta ukoo. Nilitaka kupiga kelele. Mtu anakufa, hawa wanaulizana vijiji. Lakini naona sasa kwamba yule bwana alikuwa kazini, na labda huo ndio uchunguzi pekee wa maana uliofanyika siku ile.

Akanivuta kando. "Mwalimu, mimi jambo hili nimelielewa tangu mlangoni. Hata mimi kwetu nina mama wanne. Shida ni hao kwa simu. Lazima nimuulize mteja mwenyewe, nao wasikie."

Akaiweka simu kwenye spika, akaishika karibu na mdomo wa kaka. Akaongea polepole.

"Ndugu yangu, unanisikia? Huyu mama unamjua?"

Kaka akafungua macho. Akamtazama Mama mkubwa.

"Maji," akasema.

Nesi akaruka, mimi nikafuata kikombe. Daktari alikuwa amekataza asinywe, basi nesi akachovya pamba akamlowesha midomo. Kaka akageuza uso.

"Huyu ni nani wako?"

"Maji."

"Amekushika kwa nguvu? Unataka kuwa naye, au hutaki?"

"Maji," akasema kaka, sasa kwa hasira, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia sikioni. "Maji, maji."

Tukamlowesha tena. Akaitema pamba. Kwenye spika ile sauti laini ikasema wamesikia: mteja anaomba maji mara kwa mara na inaonekana hapewi.

Sijawahi kutaka kumpiga mtu kupitia simu kama nilivyotaka wakati ule. Daktari akaangalia mboni za macho ya kaka kwa tochi, akasema kwa sauti ya chini kwamba moja imeanza kuwa kubwa kuliko nyingine, na kwamba kama ndege inakuja basi ije. Baba mdogo akatoka nje. Mama mkubwa hakuuliza tulikuwa tunasema nini. Alikuwa anamsomea kaka dua sikioni.

Yule bwana akaifunika simu kwa kiganja.

"Sikiliza, mwalimu. Hawa watu kwao mama ni mmoja. Akifa, nafasi imefungwa. Dada ya mamake wana neno lake lingine, na wewe unalijua. Nikilisema mimi wataniuliza nani amenihakikishia. Liseme wewe, ndugu, ndege iruke."

Nikalijua hapohapo. Lilinijia na chaki yake na ubao wake. Nikamtazama Mama mkubwa, alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Nikajiambia Kiingereza hakijui, litapita juu ya kichwa chake.

Nikachukua simu, nikasema huyu mama ni nani kwa mteja. Wao neno hilo hulikata mwishoni. Ulimi wangu wa Tanga haukuweza. Lilitoka kama tunavyolitamka siku zote.

Anti.

Mama mkubwa akainua macho.

Kiingereza hakijui, lakini anti anaijua, nani hapa mjini asiyeijua? Anti ni msusi wako. Anti ni yule unayemwambia asogee kidogo dirishani ulipe umeme. Anti ni mwanamke usiyemjua jina na usiyetaka kumkosea adabu. Alinitazama, akamtazama kaka, kisha akarudi kwenye dua yake. Mkono wake haukutoka kwenye paji la uso.

Kwenye simu, furaha tupu. Sasa kila kitu kimeeleweka, akasema yule mwanamke. Kumbe na mimi ni mtoto wa dada mwingine, kumbe yule mzee aliyepokea simu kwanza ni ndugu wa baba. Kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo? Nilichosema mwanzo kilikuwa kweli, na nilichosema mwisho kikawa sahihi, na mpaka leo sielewi vitu hivyo viwili vilitenganaje.

Ndege iliruka. Tukampeleka kaka uwanjani kwa gari la wagonjwa, yule bwana wa usalama akiwa mbele kutufungulia njia, sasa akitulinda badala ya kumlinda kaka dhidi yetu. Nafasi ya ndugu ilikuwa moja. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama mkubwa kwamba niende mimi, kwa sababu ya lugha, na nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ndege ikatua, ndogo, nyeupe. Mlango ukashuka, daktari wake mwenye ovaroli akateremka na karatasi mkononi, akatutazama sote tuliopangana juani.

"Anti ni nani hapa?" akauliza.

Mimi nilitazama lami. Nikasikia kanga ikipita karibu yangu, harufu ya mafuta ya nazi na dawa za hospitali.

"Ni mie," akasema Mama mkubwa. "Anti ni mie."

Akapanda. Hakugeuka kuaga. Nikabaki nimeshika mkoba wake mdogo wenye dawa zake za presha, ikabidi yule bwana wa Kwale akimbie kuupeleka.

Kaka alipasuliwa jioni ileile, tukaambiwa ametoka salama. Siku zilizofuata sikuweza kuongea na Mama mkubwa. Simu aliipokea mwingine, au alikuwa kwenye swala, au amelala. Nilishindwa kujua kama ananikwepa. Nilijibizana naye kichwani nikiwa darasani. Nikamwambia sikukuvua umama, Mama mkubwa, nilitafsiri tu. Nikamwambia bila neno lile tungekuwa tunasoma hitima. Halafu nikakasirika kwa kuwa hakuna aliyenishtaki na mimi najitetea.

Mwisho nikampata.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba. Ila hapa umempata anti."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Wala sauti yake haikuwa na hasira. Nikauliza mgonjwa anaendeleaje, kwa kuwa hilo ndilo nililoweza.

"Hajambo. Anakula, anakaa. Maneno ndo yanarudi mojamoja, daktari kasema tusimharakishe. Jana kasema mlango, na ulikuwa mlango kweli."

Nyuma yake, mbali kidogo na simu, nikasikia sauti ya kaka, dhaifu lakini yake.

"Maji."

"Mpe maji kwanza, Mama mkubwa," nikasema. "Nitapiga baadaye."

"Weye nawe." Akashusha pumzi. "Kikombe kipo mkononi mwake. Hivyo ndivyo anavyoniita. Hata yule bwana alipomuuliza mie ni nani wake, alimjibu, tena mara tatu. Nyie mkakimbilia pamba."

"Maji," kaka akaita tena.

"Bee, mwanangu," akaitika, na simu ikakatika.